Haleluya ya Handel kwa kwaya na kinanda: mwongozo kamili kwa mwalimu wa kwaya

Kwaya nyingi huanza kujifunza Haleluya ya Handel palepale inapoanzia: kwa neno lenyewe, kwa sauti zote, kwa nguvu zote. Wiki ya tatu kila mtu anazijua kurasa mbili za kwanza, fuga ya katikati (kifungu ambacho sauti huingia moja baada ya nyingine na wazo lilelile) haijaguswa, na ikifika "Mfalme wa Wafalme" soprano zimekwisha kukauka koo. Siku ya Pasaka waumini wanapiga vigelegele hata hivyo, maana wimbo huu unaweza kuibeba hata kwaya iliyochoka. Lakini mwalimu aliyesimama mbele anajua kilichotokea.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Msimamo wangu ni kwamba Haleluya ni wimbo wa kutunza nguvu. Handel aliupanga hivyo tangu mwanzo, na mwalimu anayeufuata mpango wake atakuta kazi ni nyepesi kuliko anavyoogopa.

Unachokishika mkononi

George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia London, aliandika Messiah yote, kazi ndefu ya waimbaji na vyombo ambamo Haleluya imo, kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, kwa maneno ya Biblia yaliyopangwa na Charles Jennens. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, katika onyesho la hisani. Fedha zilizopatikana zilisaidia hospitali na kuwatoa gerezani watu 142 waliofungwa kwa madeni. Waimbaji walitoka katika kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo, wanaume 16 na wavulana 16. Desturi ya kuimba kwa mamia ya watu ilishika kasi baadaye, hasa baada ya tamasha la kumkumbuka Handel huko Westminster Abbey mwaka 1784, miaka 25 tangu kifo chake. Kwa hiyo usiahirishe kwa sababu kwaya yako ni ndogo. Watu ishirini na wanne wanaosikilizana wanautosha wimbo huu, na mara nyingi wanaushinda umati wa mia uliokusanywa toka vigango vyote wiki moja kabla ya sherehe.

Haleluya inafunga sehemu ya pili kati ya sehemu tatu za kazi hiyo. Ina baa 94, mapigo manne kwa baa, do ni D, na huchukua kama dakika nne. Maneno yote yametoka Ufunuo: 19:6, 11:15 na 19:16. Muziki wa awali ulikuwa wa vyombo vya nyuzi, oboe, tarumbeta mbili na ngoma za timpani. Kurasa alizonazo mpiga kinanda wako ni ufupisho wa hayo yote, na jambo hilo lina uzito wake, tutalirudia.

Kabla ya zoezi la kwanza, keti na penseli uigawe nakala yako. Utaona kwanza Haleluya za pamoja. Kisha wote wanashika sauti moja: "Kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki", Haleluya zikijibu. Halafu mambo hayo mawili yanasukwa pamoja, sauti moja au mbili zikishika maneno marefu na nyingine zikirusha Haleluya fupi. Baada ya hapo kila kitu kinashuka ghafla: "Ufalme wa dunia". Inafuata fuga ya "Naye atamiliki", kisha ngazi ya "Mfalme wa Wafalme", na mwisho vyote vinarudi pamoja hadi kwenye ule ukimya maarufu na Haleluya ya mwisho. Andika majina hayo kwenye nakala za wote. Mwalimu akisema "twende kwenye ngazi", asiwepo wa kuuliza ni ukurasa gani.

Nakala, lugha na ufunguo

Muziki wenyewe hauna mwenyewe tena kisheria, na nakala za nota za mistari zinapatikana bure mtandaoni. Matoleo mapya ya wachapishaji na tafsiri za karibuni zinaweza kuwa na haki zake, basi soma kilichoandikwa chini ya ukurasa kabla ya kurudufu nakala hamsini. Kama waimbaji wako wanasoma solfa, tafuta nakala ya solfa iliyolinganishwa na nota za mistari. Solfa zilizonakiliwa kwa mkono toka kwaya hadi kwaya hubeba makosa ya kila aliyezinakili, hasa katika alto na tena (sauti ya juu ya wanaume), ambako hakuna anayeshtuka haraka. Pitisha kila sauti kwenye kinanda mwenyewe, ukiwa peke yako.

Kuhusu lugha, amua mapema na usibadili katikati. Kiswahili kinakaa vizuri mahali pengine kuliko unavyotarajia: "milele, milele" inaangukia mapigo yaleyale ya Kiingereza, na mkazo wa "Haleluya" unakaa kwenye "lu", pigo la tatu, bila kulazimishwa. Tatizo liko kwenye ngazi. Kiingereza kina silabi tatu tu, King of Kings, kila moja ikiwa imenyooka kama mhimili. "Mfalme wa Wafalme" ina silabi saba, kwa hiyo sauti ndefu inakatwakatwa. Kwaya yako ikiwa na tafsiri iliyozoeleka, itumie. Ikiwa haina, mimi ningeimba Kiingereza, kisha msomaji asome ile mistari ya Ufunuo kwa Kiswahili kabla kinanda hakijaanza. Kwa Kiingereza shughulikia mambo mawili tu: mkazo wa omnipotent uko kwenye "ni", na wale wanaochanganya l na r wapewe zoezi la Lord na reigneth polepole, bila kuwacheka.

Ufunguo nao una la kusema. Uma wa sauti (chuma kidogo cha kupimia sauti) unaohusishwa na Handel unatoa nota A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde, wakati vinanda vyetu vya leo vinatoa 440. Maana yake soprano wako wanaimba juu zaidi ya walioandikiwa. Kama wanabana koo kwenye fa ya juu, shusha nusu toni kwa kitufe cha kuhamisha ufunguo, hakuna atakayelalamika. Usishuke toni nzima na nusu ili kuwafurahisha, kwa sababu "Ufalme wa dunia" tayari imekaa chini na besi na alto watazama. Mpiga kinanda akumbuke kurudisha kitufe kwenye sifuri kabla ya wimbo unaofuata. Nimewahi kusikia Baba Yetu ikianza mahali pa ajabu sana.

Mazoezi: anzia katikati

Jipe wiki sita, mazoezi mawili kwa wiki, ikiwa kwaya inasoma solfa kwa wastani. Wiki mbili za kwanza kila sauti ijifunze kivyake, hata kama ni nusu saa tu kabla ya kukusanyika.

Fungua na "Ufalme wa dunia". Ni fupi, iko chini, wote wanatembea pamoja, na kwa desturi huimbwa kwa sauti ya chini kabisa. Hapa ndipo utaisikia kwaya yako ilivyo. Waimbe kwa mdomo uliofungwa kwanza, wasikilize besi, kisha waweke maneno. Kifungu kinachofuata, "umekwisha kuwa ufalme wa Bwana wetu na wa Kristo wake", kinaruka juu kwa nguvu ghafla. Kosa la kawaida ni kuanza kupandisha sauti mapema, baa moja au mbili kabla. Waambie wazi: hakuna kresendo hapa. Ni kimya, kisha mlango unafunguka. Kwaya inayoweza kufanya badiliko hilo moja kwa usafi imekwisha kupata nusu ya Haleluya.

Nenda kwenye fuga. Besi wanatangulia, tena wanafuata, kisha alto, kisha soprano. Wafundishe wote wimbo wa besi kwanza, kila mmoja kwa oktavu yake, mpaka hata soprano waliokuja kuuza sura wanaujua. Sababu ni rahisi: katika fuga, mwimbaji anayelijua wazo kuu anatambua linapopita kwa mwenzake, na anapunguza sauti yake bila kuambiwa. Ukiwafundisha kila sauti kipande chake tu, utapata makundi manne yanayogombana. Mwendo uwe wa polepole, mapigo 66 hivi kwa dakika, na usiongeze mpaka waweze kuimba bila kinanda. Anayeingia aingie wazi. Anayemaliza kusema wazo kuu ashuke. Tena ndio wanaoteseka zaidi hapa, kwa sababu wanakaa juu muda mrefu na kwa kawaida ni wachache. Ukiwa na alto wawili wenye sauti nzito, wahamishie kwenye sauti ya tena kwa fuga hii tu. Wanaonung'unika watanyamaza wakisikia matokeo.

Kifungu cha kusuka kinafundishwa kinyume cha watu wanavyodhani. Maneno marefu ya "Kwa kuwa Bwana Mungu" yanaanza kwa soprano, yanapokewa na tena pamoja na besi, kisha alto na tena. Wanaorusha Haleluya fupi huwa na raha kubwa, nao humfunika mwenye ujumbe. Mfanye zoezi hili: wenye maneno marefu waimbe kwa sauti kamili, wengine wote wanong'one Haleluya zao kwa mapigo sahihi, bila sauti kabisa. Rudia mara tatu nne. Kisha waruhusu waimbe, lakini wakisikia maneno ya mwenzao yamepotea, wao ndio wamekosea. Silabi ya mwisho, "ya", iwe nyepesi na fupi. Kwaya inayokazia "yaaa" kila mara inafanya wimbo uyumbe.

Ile sauti moja, mahali wote wanapoimba wimbo uleule, inaonekana rahisi na ndiyo inayofichua kwaya. Hakuna sauti nyingine ya kujificha nyuma yake. Besi wanaochelewa, alto wanaoimba chini kidogo ya nota, vyote vinasikika hadi kwenye mabenchi ya nyuma. Tumia muda wa kutosha kuwalinganisha irabu: "a" ya "Bwana" iwe moja kwa watu wote.

Sasa ngazi. Soprano na alto wanaanza "Mfalme wa Wafalme" kwenye so, sauti ndefu isiyotikisika, huku wanaume wakijibu "milele, milele, Haleluya". Kisha soprano wanapanda do ya juu, halafu re, mi, mpaka fa. Nguvu yote uliyoitunza ni ya hapa. Mambo matatu yanaivunja ngazi. La kwanza ni pumzi: wote wakivuta pumzi pamoja, mhimili unakatika. Wapange kwa zamu, jirani asipumue pamoja na jirani, na anayerudi arudi kimyakimya. La pili ni kuanza kwa nguvu za mwisho. So ya kwanza iwe nusu ya uwezo wao, kila ngazi iongezeke kidogo, na fa ndiyo ipewe kila kitu. La tatu ni kushuka kwa sauti: nota ndefu ikishikwa bila uangalizi hulegea, na soprano wakilegea kwenye re, fa yao haitakutana na kinanda. Waambie wafikirie kila nota ndefu kana kwamba inaanza upya kila pigo. Zoezi la ngazi lisizidi dakika kumi kwa siku moja. Koo si ya kuazima.

Haleluya za mwanzo zinakuja karibu na mwisho wa mazoezi. Soprano: do ya juu, so, la, so. Wengi wanaijua tangu utotoni, kwa hiyo kazi yako si kuwafundisha bali kuwapunguza. Nguvu ya wastani, meno yakionekana, uso mchangamfu. Wakiimba hapa kana kwamba wimbo umefika kileleni, hawatakuwa na pa kwenda.

Kisha ule mwisho. Haleluya zinakimbia moja baada ya nyingine, halafu wote wananyamaza ghafla, kinanda nacho. Baada ya ukimya huo inakuja Haleluya moja pana, ya polepole, ikitoka fa kurudi do kama "Amina" ya tenzi. Katika kila kwaya kuna mtu mmoja ambaye ataimba kwenye ukimya. Dawa yake ni mbili: wote waandike kwa penseli juu ya nafasi hiyo "MACHO", na katika mazoezi ubadili urefu wa ukimya kila mara ili wasiuzoee. Anayeutegemea mkono wako hatakosea. Anayehesabu kichwani ndiye atakayekuaibisha mbele ya askofu.

Mpiga kinanda

Kinanda kibaya kinaweza kuiua kazi ya wiki sita. Kama kanisa lina ogani ya mabomba, Handel mwenyewe anamwonyesha mpigaji cha kufanya: tarumbeta na timpani hazisikiki mwanzoni, zinaingia baada ya ile sauti moja ya kwanza. Basi rejista (makundi ya mabomba yenye sauti ya aina moja) za tarumbeta zifungwe katika utangulizi. Aanze na rejista za msingi za futi 8 na 4 (futi ni urefu wa bomba; likiwa fupi, sauti iko juu), aongeze ya 2, na ung'avu wa tarumbeta uje pale ulipoandikwa. "Ufalme wa dunia" ipigwe kwa rejista moja au mbili tu. Fuga ipigwe wazi, bila sauti nzito ya pedali inayoburuta nyuma ya besi. Kila kitu kifunguliwe kwenye ngazi, kuanzia do ya juu.

Makanisa mengi yana kinanda cha umeme, na hakuna ubaya. Achague sauti ya ogani isiyotetemeka, aandae sauti mbili katika kumbukumbu ya kinanda, moja laini na moja ya kung'aa, na ajue vidole vyake vitabonyeza wapi bila kutazama. Staili za ngoma zenye mapigo ya tayari zizimwe. Najua kuna kwaya zinazoipiga kwa mdundo wa sebene na vijana wanafurahi; huo ni wimbo mwingine, na siku nyingine ningeucheza mwenyewe. Lakini fuga haitembei juu ya mdundo wa mashine, kwa sababu mashine haiwezi kumngoja mtu.

Katika sauti moja, mpigaji apige wimbo huohuo kwa oktavu, bila kuongeza kodi, yaani nota nyingine za kupigwa pamoja nao. Wapigaji wenye ujuzi ndio wanaokosea hapa, mikono yao inataka kujaza. Na utangulizi, zile baa tatu za mwanzo, auanze kwa mwendo uleule mtakaoimba. Kati ya mapigo 88 na 100 kwa dakika panatosha. Kanisa lenye mwangwi mkubwa lipewe mwendo wa chini, maana Haleluya fupi zitaparaganyika kwenye kuta.

Kuiweka katika ibada

Kwa Wakatoliki neno Haleluya haliimbwi wakati wa Kwaresima, basi wimbo huu ungoje Mkesha wa Pasaka na kuendelea, ingawa Handel mwenyewe aliipiga Messiah London katika msimu huohuo wa Kwaresima, kwenye kumbi za maonyesho. Noeli, upadrisho na jubilei pia vinaupokea vizuri. Usiutumie kama shangilio kabla ya Injili, ni mrefu na unaondoa macho kwenye kitabu. Baada ya Komunyo au mwishoni panafaa zaidi. Katika ibada za Kilutheri na Kianglikana mara nyingi hukaa baada ya mahubiri au kama wimbo wa kutokea, lakini muulize mchungaji mapema, asije akatangaza matoleo juu ya utangulizi wa kinanda.

Watu watauliza kama wasimame. Hadithi ya kwamba Mfalme George II alisimama London, na wote wakalazimika kusimama, inasimuliwa kila mahali, ila hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba alikuwepo ukumbini. Iliandikwa kwenye barua ya mwaka 1780, miaka mingi baadaye. Wakisimama ni vizuri, wakikaa ni vizuri. Usiwatangazie.

Maikrofoni moja au mbili mbele ya kwaya nzima zinatosha. Ukimpa kila kiongozi wa sauti maikrofoni yake, umeivunja fuga kwa mikono yako. Kipaza sauti cha kinanda kielekezwe pia kwa waimbaji. Wasipokisikia watashuka nusu toni kufika kwenye ngazi.

Mwisho, kubaliana na mpiga kinanda juu ya mahali pa kuokotana. Fuga ikivurugika, na huvurugika hata kwa kwaya kubwa, usisimamishe wimbo. Inua mkono wa kushoto juu. Mpigaji aache kila kitu, ashike so peke yake kwa nguvu, soprano na alto waiingie kwa "Mfalme wa Wafalme", wanaume wajibu, na mnaendelea kutoka hapo. Ifanyieni mazoezi ishara hiyo angalau mara mbili kwa kuivuruga fuga makusudi.